Trekta Kwenye Ukoka

Bi Kidawa hakumpa hata kiti. Alimpeleka Mwinchande moja kwa moja shambani, pale alipokuwa amemwambia ang'oe ukoka kwa mkono ndipo apewe binti yake amuoe, na yeye, bwana mkubwa, akaleta trekta.

"Haya, tazama. Umeukatakata, kila kipande kimeota! Mahindi nipande wapi, kichwani kwako?"

"Mama, nilitaka kazi iishe haraka."

"Mvivu mkubwa we! Na mwanangu akikushinda, utamletea trekta?"

Mwinchande akavua viatu vyake vya kung'aa, akapiga magoti matopeni, akashika mzizi mmoja, akavuta. Mzizi ukaja, ukazidi kuja, mrefu kama kamba ya kisima. Bi Kidawa akasonya. Lakini hakuondoka, alisimama palepale akitazama kama utakatika.