Kuni za Mwisho

Baridi ilipozidi ukali, Profesa Ansgar alichoma viti, akachoma meza, akachoma hata kitanda kidogo cha marehemu mwanawe. Mkewe Otilia aliyatazama yote hayo akiwa amelala, maana ugonjwa ulikuwa umemmaliza nguvu. Ukutani, masanduku ya kamusi aliyokuwa akiiandika Ansgar yalipangwa hadi darini, yamejaa vikaratasi vya maneno ya Kigiriki cha kale.

"Mume wangu, choma hata sanduku moja," alinong'ona, meno yakigongana.

Ansgar alifungua moja, akatoa kikaratasi, akakisoma, akakirudisha taratibu kana kwamba analaza mtoto. Kisha Otilia akamwona anaokota shoka na kuja kusimama kando ya kitanda chake.

"Mke wangu," alisema kwa upole, "hebu inuka kidogo."