Paka Aliyeonja Mpaka Chini

Zamani hizo Uchina ilitawaliwa na Simbamarara, meno kama mashoka, moyo wa kifaranga. Alichokiogopa ni sumu. Kila mlo aliandaliwa sahani mia, na hakugusa hata moja mpaka Paka, mwonjaji wake, aionje kwanza na asife.

Siku ya kwanza Paka alionja kijiko kimoja kimoja. Siku ya pili akasema, "Mtukufu, wauaji wa siku hizi wajanja. Sumu wanaiweka chini kabisa ya bakuli."

"Basi onja mpaka chini," akasema mfalme.

Paka akaonja mpaka chini, sahani zote mia, akalamba na masharubu.

Mwezi haukuisha, Paka hana shingo tena kwa unene, na mfalme joho linamdondoka mabegani. Akaja Ngamia, mjumbe kutoka jangwani, akaingia ukumbini akamsujudia Paka mara tisa.

"We mpumbavu, mfalme ni mimi!" Simbamarara akafoka kwa sauti ya mbu. "Paka huyu anyongwe sasa hivi!"

Waziri Korongo akainama. "Sawa, Mtukufu. Na chakula cha mchana ataonja nani?"

Mfalme akasema, "Mwacheni."

Wiki ile ile mfalme akafa. Tabibu Kobe akampasua tumbo kutafuta sumu, hakuona hata chembe. Hakuona na kitu kingine chochote.

Mfalme mpya akamwajiri Paka siku hiyo hiyo, maana sifa zake zilijulikana: mikononi mwake hajawahi kufa mtu kwa sumu.