Prosesa Mpya ya Saumu

Jamani, nimechumbiwa! Na wa kwanza kuambiwa ilikuwa lazima awe Saumu, shoga yangu tangu chuo. Siku hizi mtu akifa, yule aliyemtaja anakabidhiwa kompyuta ya mezani, na marehemu anaongea humo. Prosesa unanunua mwenyewe. Saumu alinitaja mimi, nami nikamwekea ya bei rahisi. Ukimwambia jambo, "Ehee?" yake inakuja baada ya dakika nzima. Umbea gani huo?

Nikaenda dukani. Muuzaji akaniwekea mbili.

"Dada, hii Chui ni laki nne. Radi ni laki tisa, ina kasi mara kumi. Ila kwa kupiga stori nyumbani, Chui inakutosha."

"Nipe Radi." Yaani kwa Saumu nibane hela?

Nikaifunga, nikapanda kitandani, nikakunja miguu.

"Shoga, kaa vizuri, nina..."

"Umechumbiwa na Hamdani wa maabara! Hongera! Barua imeletwa, mama yako kalia, mtahamia Tanga."

"Weee! Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimekisia tu."

Nilikuwa na stori ya saa nzima: jinsi mshenga alivyoisahau barua kwenye gari, jinsi nilivyojificha nyuma ya pazia.

"Basi niulize ilikuwaje," nikamwomba.

"Ulijificha mahali ukacheka peke yako," akasema. "Na usilie, shoga."

Nilikuwa hata sijaanza.