Herufi za Marehemu

Siku hizi kila mtu ana herufi zake za kuandikia, zenye umbo lake peke yake, na akifa zinauzwa. Za marehemu Shekue zilikuwa nene, nyoofu, hazina mikia wala madoido, kama mwenyewe alivyozoea kusema kwa sauti mpaka jirani akaitika. Akituma "NUNUA CHUMVI", kioo kizima cha simu ya mkewe kilijaa.

Mwanamvua alikuwa bado anakaa eda, hatoki nje, duka la magodoro la ng'ambo ya barabara lilipobandika bango jipya. Alifungua dirisha la jikoni akakuta herufi za mumewe, kubwa kuliko mlango: "NJOO UPUMZIKE."

"Mama, hilo ni tangazo tu," binti yake Salha alimsihi. "Na eda haijaisha."

"Najua, mwanangu," alisema, akivuta viatu uvunguni. "Lakini baba yako hakuwahi kuniita mara mbili."