Nafasi Moja

Mwalimu wa chekechea alimvuta fundi cherehani kando, akashusha sauti.

"Mama, mtoto wako ananitia wasiwasi. Jana kahesabu mpaka ishirini bila kukwama. Leo hata tano hafiki, na kalamu kaishika kwa mkono wa kushoto. Nataka daktari ampime ubongo."

Serikali ilimlipia fundi nafasi moja tu, naye alikuwa na mabinti pacha, wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Tangu mwaka uanze aliwaleta kwa zamu, kwa jina moja. Mmoja akienda shule, mwenzake hubaki chini ya cherehani akichezea vifungo.

Alidhani kwa kufanya hivyo anawasaidia wote. Sasa hakujua tena. Akisema kweli, nafasi imekwenda. Akinyamaza, mtoto mzima atatibiwa ugonjwa asiokuwa nao. Akabaki anaukunja na kuukunjua utepe wa kupimia uliomning'inia shingoni.

Mwalimu alichuchumaa, akamshika mtoto kidevu. "Hebu niambie, mrembo, unaitwa nani?"

Mtoto akamtazama mama yake, kisha mwalimu.

"Leo?" akauliza.