Makosa Madogo ya Filme

"Mama alikufa bila kusema maneno mingi vile," Anastasie alisema. "Mutu mwenye moshi mu kifua hawezi kuongea."

Kaka Damien, mwenye kutengeneza filme, aliandika hilo katika kaye yake. Alikuwa ametoka Goma na ekra ya kuonyeshea na jenereta, akafunika madirisha ya sale ya mikutano ya parokia ya Mushaki kwa mablanketi, mchana kweupe. Alitaka Anastasie aione filme kwanza, kisha asaini kwamba mambo yalikuwa hivyo. Bila saini yake haingeonyeshwa popote. Maana ni yeye yule mtoto wa miaka saba ambaye Papa Védaste alimtoa ndani ya nyumba inayowaka, wakati wa vita.

Papa Védaste mwenyewe alikaa kando yake, mzee sasa, koti limepigwa pasi. Kilima chote cha nyuma ya parokia ni chake. Kila msimu ni yeye anayesema nani alime wapi. Anastasie ana watoto wanne na kipande kimoja cha maharagi, kwenye kilima hicho hicho.

"Nini tena, Mama Anastasie?" Damien aliuliza. "Usiogope."

"Mama hakuwa na mèches za kusukia nywele. Na ile robe nyeupe yenye wamemuvalisha... tulikuwa tumetoka shamba, alikuwa na matope mpaka magoti. Na muziki. Kila mara mutu anakufa, muziki inaanza. Siku ile tulisikia ng'ombe tu."

Nyuma yao, kati ya majirani waliokuja kuangalia, Mama Emérence alipangusa macho.

"Anastasie, weye uko mubaya! Miye nimelia mpaka kitenge imelowana, na siku ile sikukuwa hata hapa. Acha mama wa watu akufe muzuri!"

Watu wakacheka. Papa Védaste naye akacheka kidogo.

Damien akarudisha filme mahali ambapo wote walikuwa wamelia. Kijana mzuri anayeigiza Papa Védaste, machozi mashavuni, anapiga mlango kwa bega. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu mlango unaanguka polepole, kama jani. Kijana anaingia katika moto, anatoka na mtoto mikononi, anapiga magoti, anaangalia mbingu. Muziki unapanda.

Mama Emérence akaanza kulia tena.

"Hapa njo roho ya filme," Damien alisema. "Je, alivunja mulango vile?"

Papa Védaste hakuwa anaangalia ekra. Alikuwa anamwangalia Anastasie.

"Sema tu, mutoto yangu," alimwambia kwa upole. "Halafu kesho usichelewe. Tunapima mashamba."

Damien alingoja, bic hewani.

"Hapa muko sawa," Anastasie alisema.

Wakapiga makofi. Damien akamsogezea karatasi, naye akaandika jina lake lote, herufi moja moja, kama walivyomfundisha shuleni. Papa Védaste akamshika bega, akamshukuru.

Mlango ule haukuvunjwa na mtu. Papa Védaste alitoa ufunguo mfukoni mwake, akafungua kufuli iliyokuwa nje.