Chupa ya Kutilia Mawe

Je, umewahi kunusa nyongo iliyotuama tumboni siku ishirini? Siwema aliinusa, akaziba pua kwa ncha ya kanga. Mdogo wake, Machano, alikuwa mahututi hospitalini tangu alipoungua moto. Sasa mrija ulitoka ubavuni mwake ukichuruzisha ute wa kijani cheusi kwenye mfuko wa plastiki, mzito kama mlenda uliochacha.

Siwema alishika chupa ya jamu aliyoisugua kwa majivu ikang'aa. Kwao, mgonjwa wa nyongo akitobolewa, ndugu hupewa mawe yaliyoganda kwenye nyongo yake wakayaonyeshe nyumbani, ndipo watu huamini kuwa atapona.

"Mawe yako wapi, nesi?"

"Hakuna hata moja, mama. Amelala siku nyingi bila kula, nyongo haikutembea, kifuko chake kikavimba na kuanza kuoza."

"Kwa hiyo mmemtoboa bure! Uchafu huu ndio nikawaonyeshe watu?" Siwema akatema mate kwenye leso.

Machano akafumbua macho. Aliitazama ile chupa tupu mkononi mwa dada yake.

"Dada," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "nataka uji. Utie ndimu."